Fonti ya brashi kutoka mkono wako: mwongozo kamili kwa wachora vibao na wabunifu wa Lubumbashi

Fonti nyingi za brashi ninazoletewa nizikague zina kasoro zilezile. Herufi ikitazamwa peke yake ni nzuri, lakini andika "Karibuni" uone neno linavyokatika katikati. Andika "Félicitations", é inatokea na sura ya fonti nyingine. Andika "baraka", zile a tatu ni pacha kabisa, na kila mtu anajua palepale kwamba mkono haukupita pale. Halafu mashine ya kukata stika inakwama kwenye jina moja la duka.

Kasoro hizi zina chanzo kimoja. Herufi ziliandikwa moja moja, A hadi Z, zikapigwa picha kwa simu, zikatupwa kwenye programu. Fonti ya brashi hutolewa ndani ya maneno, na maneno yenyewe yawe yale yatakayoandikwa nayo huku kwetu: Kiswahili na Kifaransa kwenye kibao kimoja, na namba ya simu chini yake.

Mwongozo huu unahusu mwandiko wa brashi usiounganisha herufi, ule mwepesi unaofaa vichwa vikubwa: vibao, kaliko (mabango ya kitambaa) za barabarani, kadi za harusi, stika za taxi. Usiutumie kwa aya. Katika maandishi madogo michirizi ya brashi hugeuka uchafu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Brashi ya duara yenye ncha, namba 4 hadi 6. Manyoya yake yarudi kwenye ncha baada ya kubonyezwa. Yakibaki yamepinda, brashi hiyo haifai.
- Wino mweusi wa China, au gouache (rangi nzito ya maji) nyeusi iliyolainishwa kwa maji kidogo.
- Karatasi ya A4 nyeupe, laini. Ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa mazoezi, lakini wino huenea kingoni. Kwa kazi ya mwisho nunua bristol, karatasi nene na laini, kwenye papeteri (duka la karatasi na kalamu) yoyote mjini.
- Rula, penseli, kalamu nyeusi nene.
- Skana. Kama huna, peleka karatasi zako kwenye kibanda cha fotokopi chenye skana, na uende na flashi yako.
- Kompyuta yenye Inkscape (programu ya kuchora) na FontForge (programu ya kutengeneza fonti). Zote mbili ni za bure, na zikishawekwa hazihitaji intaneti tena, kwa hiyo utazipakua mara moja tu.

Zipo huduma za mtandaoni zinazokupa fomu ya kujaza herufi kisha zinakutolea fonti. Kwa kujaribu sura ya mwandiko zinasaidia. Kwa kazi ya mteja sizipendekezi: toleo la bure huweka kikomo cha idadi ya herufi, na kwa kawaida zinazoachwa nje ni zile zenye alama za Kifaransa.

## Hatua ya 1: Chora karatasi ya mistari

Chukua A4 moja uichore mistari kwa kalamu nene. Hii itakaa chini ya karatasi utakayoandikia, na mistari itaonekana kwa juu. Bristol ikiwa nzito mno, weka zote mbili juu ya kioo chenye taa chini yake, au juu ya dirisha mchana.

Kila safu ina mistari mitano. Wa kwanza ni msingi, ule ambao herufi hukalia. Juu yake, kwa milimita 20, ni kimo cha herufi ndogo kama a na n. Kwa milimita 32 ni kimo cha herufi kubwa. Kwa milimita 36 ni ncha za b, d, h, k na l. Chini ya msingi, kwa milimita 10, ndipo mikia ya g, j, p na y inapoishia.

Vipimo hivi vina sababu. Fonti ya OTF (OpenType, aina ya faili la fonti) kwa kawaida hujengwa ndani ya mraba wa uniti 1000: 800 juu ya msingi, 200 chini yake. Tukisema milimita 1 ni uniti 20, mraba mzima unakuwa na kimo cha milimita 50. Ukiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), milimita 50 ni pikseli 1181, yaani pikseli moja inakaribia uniti moja. Hakuna undani wa brashi unaopotea, na faili halijazwi vitu ambavyo fonti haiwezi kuvibeba.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Pembeni kushoto mwa kila safu, kwenye karatasi ya kuandikia yenyewe, weka vialama vitatu vidogo vya kalamu: kimoja kwenye msingi, kimoja milimita 40 juu yake, kimoja milimita 10 chini yake. Mistari iko kwenye karatasi ya chini na haitaonekana kwenye skani. Bila vialama hivi utakuwa unakisia msingi wa kila herufi, na hapo ndipo herufi zinapoanza kupanda na kushuka ovyo.

Umefaulu ikiwa kila karatasi ya kuandikia ina vialama vitatu kwa kila safu, na umbali kutoka cha juu hadi cha chini ni milimita 50 kamili.

## Hatua ya 2: Andika maneno, siyo alfabeti

Mtu akiandika alfabeti, mkono unasimama baada ya kila herufi. Brashi inainuliwa, wino unajaa upya, na kila herufi inaanza na nguvu mpya. Akiandika neno, mkono unasafiri. Herufi ya tatu inapokea mwendo wa ile ya pili, brashi inakauka kidogo kidogo, mwinamo unabaki mmoja. Mwendo huo ndio watu wanaoupenda kwenye mwandiko wa brashi, na haupatikani kwa kuunganisha herufi zilizozaliwa mbalimbali.

Andika maneno haya, kila moja mara nyingi: bukari, fundi, ghala, hewa, jamaa, kazi, ng'ombe, pole, saa, choo, vyuma, wazee, taxi, quincaillerie. Humo zimo herufi zote 26. Hatuhitaji q na x kwa Kiswahili, lakini kibao cha quincaillerie (duka la vifaa vya ujenzi) na cha taxi utaandikiwa oda wiki yoyote ile.

Usichague neno unalolipenda kwanza. Jaza kurasa kadhaa, acha zikauke, kisha pita na penseli ukizungushia herufi nzuri. Kwa kila irabu zungushia mbili au tatu zilizotofautiana: a moja yenye mkia mfupi, nyingine pana zaidi. Utazihitaji kwenye hatua ya 10, na hapo kutofautiana ni faida.

Chukua herufi za katikati ya neno zaidi kuliko za mwanzo. Ya mwanzo huwa na wino mwingi, ya mwisho huwa imechoka.

Kwa herufi kubwa andika majina: Kamalondo, Katuba, Ruashi, Kampemba, Lubumbashi, kisha hayohayo kwa herufi kubwa tupu. Wateja wetu wengi hutaka jina la duka lote kwa herufi kubwa, na K iliyopambwa kwa ajili ya "Katuba" inaweza kuharibu "KATUBA". Kati ya sura mbili, chagua iliyotulia.

Mwandiko mwepesi unaruhusu herufi kuvuka msingi kidogo. Milimita 1 juu au chini huleta uhai. Ikifika 3, neno linaonekana kulewa.

Tahadhari ya hali ya hewa. Wakati wa mvua wino huchelewa kukauka na karatasi huvuta unyevu. Usiweke karatasi moja juu ya nyingine kabla ya kuhakikisha. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi letu jekundu. Likitua kwenye wino mbichi, skana italiona kama nukta, na utazifuta moja moja.

## Hatua ya 3: Namba, alama na herufi za Kifaransa

Hapa ndipo fonti inapoonekana imetengenezwa kwa ajili ya hapa au kwa ajili ya kwingine.

Anza na namba, kwa sababu kwenye kibao namba ya simu ndiyo inayoleta pesa. Andika vipande kama 081, 097, 099 kwa mwendo mmoja. 0 iwe nyembamba kuliko O. 6 iwe na shingo ndefu ili isifanane na 0. 1 ipewe pua, na 7 ipewe kistari katikati kama tulivyofundishwa shuleni. Mpe karatasi mtu ambaye hajaona kazi yako, asimame ng'ambo ya barabara, asome. Akiuliza "Papa, iyi ni sita ao ni zero?", rudia namba hiyo.

Kisha alama: nukta, koma, nukta mbili, kistari, mshangao, swali, mkwaju, mabano, jumlisha, asilimia, $, &, @ na alama za kunukuu za Kifaransa « ».

Apostrofi ziwe mbili: iliyonyooka na iliyopinda. Word hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili yenyewe unapoandika, kwa hiyo fonti yenye moja tu itavunja "ng'ombe" na "l'école" kwa pamoja.

Kwa Kifaransa, viandike vile vialama vya juu pekee yake, kila kimoja mara nyingi: mkwaju wa é, mkwaju wa è, kofia ya ê, nukta mbili za ë, na mkia wa ç. Vifanye vidogo na vya haraka, kwa brashi ileile. Andika pia i isiyo na nukta, na œ na Œ kama herufi kamili. Bila hizo hutaandika "œufs" kwenye duka la vyakula wala "Sœur" kwenye geti la shule. Ukipata kazi za Kilingala chenye tahajia kamili, ongeza ɛ na ɔ.

## Hatua ya 4: Skani

Skani kwa dpi 600, rangi ya kijivu, faili la PNG au TIFF. Kataa PDF na JPEG zinazobanwa sana: mgandamizo huacha ukungu kuzunguka wino, na kompyuta itaugeuza ukungu huo kuwa meno ya msumeno.

Usichague hali ya nyeusi na nyeupe tupu. Skana itaamua yenyewe mahali wino unapoishia, na uamuzi huo ni wako.

Mwambie kijana wa kibandani afute kioo kwanza. Angalia faili kwenye skrini yake kabla hujalipa: kuza hadi uone ukingo wa herufi moja. Ukiona ngazi kubwa za mraba, ameskani kwa dpi 150 au chini ya hapo.

Simu itumike pale tu skana imekosekana. Weka karatasi kivulini mchana, zima flashi ya simu, simama mbali kidogo kisha kuza mara mbili. Ukipiga kwa karibu sana, lenzi huvimbisha katikati ya karatasi, na herufi za kingoni zitakuwa nyembamba kuliko wenzake.

## Hatua ya 5: Geuza wino kuwa vekta

Vekta ni umbo la mistari ambalo kompyuta hulikuza bila kuliharibu. Fungua Inkscape. Weka ukurasa wa pikseli 1000 kwa 1000. Vuta mstari elekezi wa mlalo uuweke kwenye 800. Tangu toleo la 1.0 Inkscape huhesabu kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo 800 hiyo ni msingi wako, uniti 200 kutoka chini ya ukurasa.

Leta skani ya safu moja. Funga uwiano wa upana na kimo, kisha ikuze au ipunguze mpaka kialama cha juu kiguse ukingo wa juu wa ukurasa, cha chini kiguse ukingo wa chini, na cha katikati kikae juu ya mstari wa 800. Kuanzia hapa, herufi husogezwa kwa upande tu. Shika Ctrl unapoburuta ili isipande wala kushuka. Sheria hii moja inaokoa saa nyingi za kupanga herufi upya.

Bonyeza Shift+Alt+B. Tumia njia ya mwangaza (Inkscape inaiita Brightness cutoff), anza na 0.45. Ukipandisha namba, herufi inanenepa na tundu za e na a zinaanza kuziba. Ukishusha, michirizi mikavu inapotea. Ongeza Speckles mpaka nukta za vumbi zitoweke. Tafuta kipimo kinachofaa herufi zote, kiandike, na usikibadilishe tena, la sivyo nusu ya fonti itakuwa nene kuliko nusu nyingine.

Ondoa picha, baki na vekta. Ukitenganisha herufi kwa Shift+Ctrl+K, tundu za a, b, d, e, g, o, p na q zitageuka vipande vyeusi vinavyojitegemea, na herufi itaonekana imeziba. Haijaharibika. Chagua herufi pamoja na tundu yake, bonyeza Ctrl+K, tundu inarudi. Fanya vivyo hivyo kwa i na nukta yake.

Sasa hesabu nodi, zile nukta zinazoshika umbo la herufi. Bonyeza N, chagua herufi, soma idadi chini ya dirisha. Kwa fonti safi, mimi hutaka n iwe na nodi zisizozidi 60 hivi. Yenye michirizi ya brashi kavu inaweza kufika mia mbili au tatu. Ikipita elfu, rudi kwenye dirisha la kufuatisha uongeze Optimize. Ctrl+L pia hupunguza nodi, lakini ibonyeze mara moja tu. Ya pili na ya tatu huanza kuyeyusha umbo.

Hapa kuna uamuzi wa kibiashara. Michirizi ni mizuri kwenye kaliko iliyochapwa na kwenye kadi. Kwenye stika ni balaa: kisu cha mashine hupita kila jino, na vipande vyembamba hubanduka gari likioshwa. Kama unategemea wateja wa stika, tengeneza fonti mbili kutoka skani moja, safi na yenye michirizi. Ningeanza na safi. Inauzika kila mahali, na makosa yake huonekana mapema.

Hifadhi kila herufi kama SVG (faili la vekta) yake: a.svg, a2.svg, b.svg. Kwa herufi kubwa andika A_kubwa.svg, kwa sababu Windows haitofautishi a.svg na A.svg, itafuta moja.

## Hatua ya 6: Ingiza herufi kwenye FontForge

Anzisha fonti mpya. Kwenye menyu ya Element fungua Font Info. Andika jina la familia. Lile la PostScript lisiwe na nafasi wala herufi zenye alama. Kwenye General weka Ascent 800, Descent 200, Em 1000.

Kisha nenda Encoding, Reformat, uchague Unicode BMP. Jedwali la kawaida la Latin-1 halina œ wala apostrofi iliyopinda, ndiyo maana wengi huzitafuta bila kuzipata.

Bofya mara mbili nafasi ya a, nenda File, Import, chagua a.svg. Kama ukurasa wako wa Inkscape ulikuwa 1000 kwa 1000, herufi itatua juu ya msingi bila kuguswa. Ikija ndogo kama punje, ukurasa wako ulikuwa A4. Rudi ukaurekebishe badala ya kuikuza kwa macho.

Ukimaliza kuingiza zote, zichague zote na upitie menyu ya Element kwa mpangilio huu: Remove Overlap, Add Extrema, Round to Int, Correct Direction. Ya mwisho ndiyo inayohakikisha tundu linabaki tundu. Baada ya hapo fungua Find Problems, urekebishe inachoonyesha.

Hifadhi kama .sfd, faili la kazi la FontForge, baada ya kila herufi chache. Umeme ukikatika, utapoteza chache tu.

## Hatua ya 7: Nafasi za pembeni

Fonti nzuri huokolewa au kuuawa hapa. Kila herufi ina nafasi tupu kushoto na kulia kwake, na FontForge haijui unataka ngapi.

Fungua dirisha la vipimo kwa Ctrl+K, andika "nnonoonn". Anza na uniti 30 kila upande wa n, na 20 kila upande wa o, kwa kuwa umbo la duara lina hewa yake tayari. Sogeza mpaka macho yako yasione kundi wala pengo. Kisha peleka vipimo vya n kwa m, h, u. Vya o kwa e, c, na pande za duara za b, d, p. Zilizobaki zipimwe moja moja kati ya n mbili. Mikono ya t, f na mkia wa j zinaweza kuwa na namba hasi, na ni sawa.

Nafasi kati ya maneno: uniti 220 hivi. Ipe kipimo hichohicho nafasi isiyovunjika, U+00A0, ambayo Kifaransa hutumia kabla ya ! na ?.

Jaribu kwa "minimum", "mwalimu", "Lubumbashi". Umefaulu ikiwa ukikunja macho neno zima linakuwa utepe mmoja wa kijivu.

## Hatua ya 8: Unganisha alama za Kifaransa

Weka vialama vyako kwenye nafasi zake: acute, grave, circumflex, dieresis, cedilla. Weka i isiyo na nukta kwenye U+0131 kwanza kabisa. Kisha chagua é, è, ê, ë, à, â, ç, î, ï, ô, ù, û na kubwa zake, uende Element, Build, Build Accented Glyph.

Bila U+0131 utapata î yenye nukta na kofia kwa pamoja, na "Maître" itakuchekesha mbele ya mteja.

Programu huweka vialama katikati kwa hesabu, na herufi za brashi huinama. Visogeze kwa mkono kufuata mwinamo. É isivuke uniti 800. Ikivuka, ongeza Win Ascent kwenye Font Info, sehemu ya OS/2, la sivyo Windows itaikata kichwa.

## Hatua ya 9: Keningi

Keningi ni kurekebisha nafasi kati ya jozi fulani za herufi. Usiianze kabla ya hatua ya 7 kukamilika. Utaficha kosa badala ya kuliondoa.

Kwenye Font Info, Lookups, GPOS, ongeza jedwali la kern. Rudi kwenye Ctrl+K uandike jozi zinazotusumbua: Ka, Ta, Va, Wa, Ya, Fu, Pa, ya, wa, L', l', d', na 7 ikifuatwa na 4 au nukta. Jozi hamsini zilizofanywa kwa uangalifu zinatosha kwa fonti ya vichwa. "Wa" na "Ya" zishughulikie kwanza, maana zinaanzisha maneno yetu mengi mno.

## Hatua ya 10: Irabu zinazojirudia

Fonti za brashi zinazotoka Ulaya na Marekani huja na sura za ziada za konsonanti mbili, ll, tt, ff, kwa sababu ndizo zinazojirudia katika lugha zao. Kwetu zinazojirudia ni irabu, na mara nyingi huruka herufi moja: mama, baraka, Katanga, kitini, upupu. Zikigusana ni saa, mzee, choo, juu. Fonti isiyolijua hili huonyesha a zile zile kwenye "Katanga", zimepangwa kama muhuri.

Toa zile irabu za ziada ulizozungushia penseli. Kwenye FontForge nenda Encoding, Add Encoding Slots, ongeza nafasi tano. Zipe majina kwenye Glyph Info: a.alt, e.alt, i.alt, o.alt, u.alt. Ingiza SVG zake, uzipe nafasi za pembeni kama dada zake.

Sasa fungua programu ya maandishi ya kawaida, andika haya, uhifadhi kama irabu.fea:

```
@K = [b c d f g h j k l m n p r s t v w y z];
feature calt {
  sub a a' by a.alt;
  sub a @K a' by a.alt;
  sub a @K @K a' by a.alt;
} calt;
```

Rudia mistari hiyo mitatu kwa e, i, o na u, ukibadilisha herufi tu, yote ndani ya mabano yaleyale. Mstari wa kwanza unashughulikia "saa". Wa pili unashughulikia "mama". Wa tatu unashughulikia "kanga", ambapo n na g zimeingia katikati. Ukitaka uifikie "ang'aa" na jamaa zake, ongeza jina la apostrofi kwenye kundi la K, pamoja na mstari wa nne wenye @K tatu.

Nenda File, Merge Feature Info, uchague faili hilo. Kwenye "baraka" a ya kwanza itabaki ya kawaida, ya pili itakuwa ya ziada, ya tatu itarudi ya kawaida, kwa kuwa sheria inaangalia herufi iliyotangulia baada ya kubadilishwa.

Tahadhari: si kila programu huwasha kipengele hiki. Inkscape hukiwasha yenyewe. Kwenye Word mara nyingi ni lazima ukiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya juu ya fonti. Kwa hiyo hakikisha a ya kawaida inapendeza hata ikijirudia.

## Hatua ya 11: Toa faili na ujaribu

File, Generate Fonts. Chagua OpenType kwa kazi za kompyuta na uchapaji. Toa na TrueType kwa programu za simu. Kila toleo la majaribio lipe jina lenye namba mpya, kwa sababu Windows hupenda kukumbuka toleo la zamani hata baada ya kulifuta, nawe utadhani marekebisho yako hayakufanya kazi.

Chapa maneno haya kwa ukubwa wa kujaza A4: "Karibuni wote", "Bukari na samaki", "Parcelle hii haiuzwi", "Bonne fête, Maître !", "Œufs frais 500 FC", na namba ya simu. Bandika ukutani, rudi nyuma. Wachora vibao hutumia kanuni ya sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Simama kwenye umbali huo usome bila kukaza macho.

Ukiona kasoro, irekebishe kwenye .sfd, siyo kwenye OTF. OTF ukiifungua tena, viungo vingi vya vialama hupotea.

## Hatua ya 12: Kumpelekea mchapaji

Mchapaji hana fonti yako. Akifungua faili, kompyuta yake itaweka fonti nyingine, na kaliko itatoka na maandishi ya ofisini. Kabla ya kutuma, chagua maandishi yote kwenye Inkscape, bonyeza Shift+Ctrl+C yageuke maumbo, kisha hifadhi kama PDF. Weka nakala yenye maandishi halisi kwako, kwa sababu mteja atapiga simu jioni kubadilisha namba.

Kwa stika, baada ya kugeuza, unganisha maumbo yanayogusana kwa Ctrl na alama ya jumlisha. Ukiruka hili, kisu kitakata ndani ya neno kila mahali herufi mbili zinapopishana.